Marufaa ya Mama na Vanishi ya Rangi



Nyumbani kwetu hapa Troyeville tunayo marufaa ya mninga tuliyoachiwa na marehemu mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Juu yake tulisomeshwa juzuu ya Amma, na juu yake wajukuu wetu nao wanasomeshwa. Mwaka jana yalianguka, na mguu mmoja ukavunjika vibaya usiweze kuungwa.

Tulidhani kazi ni nyepesi. Tulikata kipande cha msonobari kutoka katika ubao wa kitanda kikuukuu, tukakigundisha, kisha tukatia rangi nyingi ya kahawia ndani ya vanishi safi. Tukapaka na kurudia kupaka, hadi weupe wa msonobari ukapotea. Matokeo yalitufedhehesha. Pembeni vanishi ilijikusanya ikawa nyeusi. Brashi iliacha michirizi. Nyuzi za mti zikafichika. Baada ya wiki chache mguu ukakwaruzika sakafuni. Mjukuu wetu akasema, "Babu, ndani bado ni mweupe."

Hakukosea. Rangi iliyomo ndani ya vanishi haiingii katika mti. Hukaa juu yake, na vanishi ikikwaruzika huondoka nayo. Tena kila upakapo huongeza giza.

Tukamwendea seremala mmoja mzee wa Jeppestown. Alitutolea ubao aliouita kiaat. Tuliupapasa, tukacheka: ulikuwa mninga wetu! Mti ni ule ule, unaoota Tanzania na huku kusini pia. Kilichobadilika ni jina.

Kipande kipya kilikuwa cha jamii moja na marufaa, ila kilipungukiwa na umri. Hapo ndipo vanishi ya rangi ilipofaa. Seremala alitufunza kuchagua rangi inayoyeyuka kabisa, si ile ya unga unaotuama chini ya kopo, kwani unga hufunika nyuzi. Tena rangi iafikiane na vanishi: ya maji haichanganyiki na vanishi ya mafuta. Tulitia matone machache tu, tukajaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, tukakiacha kikauke, tukakitazama juani, maana taa ya umeme hudanganya macho. Kisha tukapaka mara mbili, nyembamba sana, na juu yake mara mbili vanishi safi isiyo na rangi, ili mikwaruzo iishie hapo.

Funzo tulilolipata ni kwamba vanishi ya rangi huziba tofauti ndogo. Haigeuzi msonobari kuwa mninga. Sisi tunaolea watoto ugenini tuna la kuzingatia hapo.

Ukitazama kwa makini, kiungo bado kinaonekana. Tumekiacha. Mjukuu wetu anajua mahali kilipo, na kila jioni huweka msahafu juu yake.