Homa ya Julai Pale Langas

Wewe mjukuu wangu ukipiga chafya mbili tu, unaiuliza simu una ugonjwa gani. Sisi pale Langas, mtaa wa Eldoret, miaka ya 1980, tulimwachia mama. Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,000, na Julai baridi yake haikubisha hodi. Mama alitokosa majani ya mkaratusi kwenye sufuria, akakufunika blanketi gubigubi ujifukize. Mvuke ulichoma pua, macho yakatiririka, na ukichomoa kichwa mapema ulirudishwa kwa kofi. Kisha chai ya tangawizi na ndimu, na dawa ya kuchua ya Robb kifuani, harufu ikikufuata mpaka darasani. Kichwa kikiuma, tulikimbia dukani. Mwenye duka, mzee mnene aliyeketi chini ya picha ya Rais Moi, alikata Aspro mbili kwa makasi, sumuni, akauliza neno moja tu: ya mkubwa au ya mtoto? Swali zuri hilo, maana siku hizi madaktari hawataki mtoto apewe aspirini, ndiyo hiyo Aspro, kiholela. Tumbo likiendesha, mama alichanganya alivyofundishwa kliniki: maji lita moja yaliyochemshwa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Akaonja kwanza, yakizidi machozi kwa chumvi, aliyamwaga.

Malaria ndiyo iliyotuponza. Klorokwini ilikuwa chungu, tena iliwasha mwili mzima, basi homa ikishuka tu watu waliacha, vidonge vilivyobaki vikafungwa kwenye karatasi kungoja mgonjwa mwingine. Vimelea navyo vikaizoea dawa, hata mwaka 1998 serikali ya Kenya ikaiacha na kushika dawa nyingine, Fansidar. Lakini usituone wajinga. Desemba 1989 ilipoanza ada ya matibabu, shilingi 20 kwenye hospitali ya wilaya, hizo zilikuwa chakula cha jioni cha nyumba nzima, na kila chafya ilipigiwa hesabu. Mama alikuwa na mipaka yake: homa ikifika usiku wa tatu, shingo ikikakamaa, au mtoto akikataa kunyonya, hapo hakuna tena habari ya majani wala Aspro. Alimfunga mtoto mgongoni, akapita kwanza kwa yule mzee wa duka kukopa. Naye alishazoea kugongewa saa nane za usiku. Alitoka na shuka kiunoni, akilaani, huku keshalishika daftari la madeni.