Mlima Uliopakiwa Mtumbwini

Wako wadhanio kwamba kuchora umbali ni kuchora vitu vidogo tu. Nasi tulikuwa miongoni mwao. Siku moja tuliketi ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Bujumbura, tuwachoree wanafunzi wetu picha ya kufundishia maneno hapa, hapo na kule. Mbele yetu palikuwa na mtumbwi. Ng'ambo, zaidi ya kilomita 20, ilisimama milima iliyo juu ya Uvira, ambako ndiko kwetu.

Tuliichora milima ile kwa mapenzi, kila korongo kwa mstari mweusi mzito. Picha ilipobandikwa ubaoni, mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, mbona mlima umepakiwa mtumbwini?" Darasa likacheka. Tulicheka nao, lakini swali lilituchoma.

Tukarudi ufukoni, safari hii kutazama kwanza. Mtumbwi ulikuwa na weusi na weupe wake dhahiri. Hata kamba yake tuliiona. Milima ilikuwa ya rangi moja tu, samawati hafifu, na karibu na maji ilififia kabisa. Sababu ni hewa. Kati ya jicho na mlima imo hewa nyingi, nayo hutawanya mwanga wa samawati kuliko mwekundu. Vumbi na moshi wa kiangazi huongeza utando mweupe. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia (1452–1519), aliwausia wachoraji kwamba kilicho mbali zaidi kipakwe samawati zaidi.

Basi tukachora upya. Mbele tuliweka mtumbwi kwa mkono mzito, ncha yake ikifunika sehemu ya ufuko wa ng'ambo. Katikati, mistari ya maji ilizidi kukaribiana kadiri ilivyopanda. Nyuma, milima kwa mkono mwepesi, bila korongo hata moja.

Ilituuma kuliacha korongo tulilolipanda utotoni. Lakini kwa kutaka kwetu kuonekane wazi, tulikuwa tumekuondoa mahali pake. Picha ya pili ilipobandikwa, mtoto yule aliitazama kitambo, akasema, "Kule ni mbali." Neno lilikuwa limekwisha fundishika.

Walimu wenzetu, mnapowachorea watoto mandhari, tokeni nje kwanza mkatazame. Na mkiona kitu mkipendacho kimefifia kwa umbali, kiacheni kififie.