Kambare wa Tafsiri

Ninyi mliolelewa na bahari, mkamjua changu na pono kabla ya kujua kusoma, huenda mkanicheka. Mimi naishi Kingolwira, nje kidogo ya mji wa Morogoro, na samaki tunayemtaja huku kwa fahari ni wa maji baridi. Pana kituo cha serikali cha ufugaji samaki, humo huzalishwa vifaranga wa perege na wa kambare. Kwa hiyo nilipotaka kambare sikwenda mbali.

Kilichonitia hamu ni kijitabu. Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, muuza matangi ya kioo, alinipa nikitafsiri kutoka Kiingereza: namna ya kufuga samaki wa mapambo nyumbani. Sura nzima ilihusu samaki wadogo wenye masharubu, wakaao chini ya tangi, wakichokoa mchanga mwororo baina ya mimea. Ni wapole, kilisema. Mmoja peke yake hunyong'onyea, basi wawekwe sita au zaidi. Kamusi yangu ililifasiri jina lao kuwa kambare, nami nikaandika kambare. Sikusita. Mtu aliyejifunza lugha ya watu peke yake, bila ya mwalimu wa kumkemea, huiamini kamusi kupita kiasi.

Kazi ile ilinipendeza hata nikataka kuiona kwa macho. Nikanunua tangi, nikatandika mchanga wa mtoni niliouosha mara saba, nikapanda majani marefu ya majini, nikaweka taa hafifu. Nikatia vifaranga sita, kila mmoja kiasi cha kidole cha shahada. Walijitosa katika majani wasionekane tena. Nikafurahi, maana ndivyo nilivyoandika.

Usiku mmoja niliwamulika kwa tochi nikahesabu wanne. Nikatafuta chini ya kabati, nikamshuku paka wa jirani. Baada ya juma moja walikuwa wawili. Kisha mmoja, mnene, mtulivu.

Nilikwenda kituoni na aibu yangu. Kijana anayehudumia vifaranga alinisikiliza hadi mwisho.

"Shikamoo tena, mzee wangu," akasema. "Hawa hulana. Sisi tunawachambua kila mara, mkubwa na wakubwa wenzake, mdogo na wadogo. Unawalisha saa ngapi?"

"Adhuhuri, kidogo kidogo."

"Kambare hula usiku, mzee."

Ndipo nilipochunguza nilichopaswa kuchunguza kabla ya kushika kalamu. Samaki wa kijitabu ni koridorasi wa Amerika ya Kusini, hazidi sana urefu wa kidole, amevikwa vibamba vya mfupa. Jina lake limetokana na maneno mawili ya Kiyunani, kofia ya chuma na ngozi. Kambare wetu hana magamba wala vibamba, ana masharubu manane, na aweza kupita urefu wa mita moja. Wote wawili hupanda juu kumeza hewa, lakini hata hapo wameachana: yule huifyonza kwa utumbo, huyu kwa kiungo kilicho juu ya matamvua, chenye matawi kama kijiti.

Nimekosea tafsiri kabla ya hapo. Niliwahi kuligeuza jina la ua, niliwahi kuupotosha upepo, na aliyeumia ni shairi tu. Safari hii watano wameliwa na ndugu yao kwa sababu niliona haya kuuliza.

Nilimwandikia mfanyabiashara. Akajibu kwamba kijitabu kimekwisha chapwa na kwamba wanunuzi hutazama picha. Nikamwomba nakala alizobakiwa nazo, naye, nashukuru, akaniletea maboksi mawili. Kila usiku nafuta kambare kwa wino, naandika koridorasi juu yake: neno gumu, lisilokaa katika mizani yoyote niijuayo.

Aliyebaki amekwisha ng'oa mimea yote. Tangi sasa ni mchanga na yeye, nalo limeanza kumbana. Ninapoandika humsikia akipanda, akimeza hewa kwa kishindo kidogo, akashuka. Mke wangu ameuliza mara mbili kama tumpike kwa nazi. Sijamjibu.