Kuwafundisha Wanaoanza Kuanzisha Blogu: Niliyoyaona Bukoba na Muleba

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imenipeleka mara kwa mara baina ya Bukoba na Muleba, nikiwafundisha wanachuo wa ualimu na walimu wa shule za msingi namna ya kuanzisha blogu na kuitengeneza iwafae. Makala haya yana shabaha ya kuwaeleza wakufunzi wenzangu jinsi ninavyolipanga somo hilo, sababu za mpango huo, na mahali ambapo somo limenitia katika mabishano ambayo hayajakwisha. Sitaeleza kila kitufe cha kubonyeza. Vitufe huhamishwa kila programu inaposahihishwa, na mwalimu aliyevikariri hubaki mikono mitupu siku hiyo.

Blogu ni daftari la hadhara lililowekwa mtandaoni. Andiko jipya hukaa juu, la zamani huteremka chini, na kila andiko lina tarehe na anwani yake. Wanachuo hudhani kuwa jambo hili ni geni kabisa kwetu. Mimi huwakumbusha kwamba mwaka 1888 pale Kiungani, Unguja, katika chuo kilichowaandaa walimu, lilianza kutolewa gazeti la Msimulizi, na sehemu kubwa ya habari zake zilitoka kwa wanafunzi na kwa walimu waliokwisha kupelekwa vituoni. Huwakumbusha pia kwamba katika kanda yetu hii ya Ziwa, baada ya kampeni za kusoma na kuandika, gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianzishwa Mwanza mwaka 1974 kwa ajili ya wasomaji wapya wa vijijini. Na hapa kwetu F. X. Lwamgira alichapisha habari za Kiziba kwa Kihaya mwaka 1949. Miaka ya 2000 ilipoingia, watu kama Ndesanjo Macha na Muhidin Issa Michuzi wakaanza kuandika blogu kwa Kiswahili. Chombo kilibadilika, tamaa ya mtu kueleza habari za kwao ni ile ile.

Swali la kwanza la darasa huwa: tuandike nini? Nami hujibu kwa kuwasimulia habari za Kashasha, ambako si mbali na wengi wao. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, wasichana watatu walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kupatwa. Waliporudi makwao hali ile ikatokea Nshamba pia, na katika Aprili na Mei ikawapata watu 217. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika taarifa ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka 1963, na tangu hapo ulimwengu unaijua Kashasha kwa taarifa hiyo. Andika leo jina la kijiji hicho katika mtandao. Utakuta kicheko, kwa Kiingereza, mara nyingi kwa mzaha, ingawa madaktari wale waliandika pia juu ya kulia na kutotulia. Maelezo ya mwalimu aliyekuwa zamu wiki ile, au ya mzazi aliyempokea binti yake mlangoni, mimi sijayaona humo. Wasichana wale, walio hai, ni bibi waliokwisha kupita miaka 70.

Nikifika hapo darasa hunyamaza. Sihitaji tena kulishawishi liandike.

Hata hivyo sifungui kompyuta bado. Vipindi viwili vya mwanzo hufanyika juu ya karatasi za manila. Kila kikundi huchora ukurasa wake: jina juu, orodha ya sehemu kuu chini yake, andiko jipya katikati, na pembeni maelezo ya waandishi ni nani. Kazi hii huleta ubishi wenye manufaa makubwa, hasa juu ya jina. Wanachuo hupenda majina ya kishindo yanayoazima maneno ya vituo vya televisheni. Huwauliza: mama muuza ndizi sokoni Bukoba ataweza kulitamka na kulikumbuka? Na mkiondoka chuoni, jina litawafaa wanaowafuata? Jina la blogu hutangulia anwani yake, na anwani ikishaenea, kuibadili ni kama kuhamisha duka bila kuwaarifu wateja. Shule zetu zimetengewa kikoa chake chini ya .tz, yaani .sc.tz, na yafaa kila mwanachuo akijue hata kama hatakilipia leo. Kikundi kimoja kilichagua jina la Amakuru, neno ambalo kwa Kihaya ni habari, na ndilo tunalosalimiana nalo. Wachache waliokuwa wametoka mikoa mingine walilalamika kwamba hawakushirikishwa. Tulikubaliana jina libaki, maandishi yawe ya Kiswahili, na kila neno la Kihaya lifafanuliwe papo hapo ndani ya sentensi.

Jambo linalowatatiza wengi ni tofauti kati ya kategoria na lebo. Vitabu hulieleza kwa maneno makavu, nami nililipatia zana nyumbani. Tazama kibanja cha Mhaya. Migomba yake ina mafungu: ndizi za kupika, za pombe, za kuchoma, na za kula zikiiva. Mafungu hayo ni machache, ya kudumu, na kila mgomba una fungu lake. Hizo ndizo kategoria. Lakini mgomba huo huo waweza kuwa karibu na nyumba, uliopandwa na marehemu babu, ulioangushwa na upepo mwaka jana, au uliosimama kando ya mbuni. Hizo ndizo lebo: nyingi kadiri upendavyo, nazo hukatisha mafungu. Baada ya mfano huu sijapata kuona mwanachuo akianzisha kategoria ishirini kwa maandishi manne. Mkufunzi wa pwani atumie minazi, wa Shinyanga atumie ng'ombe.

Sasa tuje kwenye mashine. Programu tunayoitumia ni WordPress, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, na ambayo mtu yeyote aruhusiwa kuitumia na kuibadili bila malipo. Wengi hawajui kwamba haihitaji intaneti ili kujifunzwa. Tunaiweka katika kompyuta moja ya mapajani, pamoja na programu za seva na za kuhifadhi kumbukumbu zinazoambatana nayo. Ruta ndogo, isiyounganishwa na chochote nje ya darasa, huwaunganisha wanachuo, nao huifungua blogu kwa simu zao wenyewe kwa kuandika namba za anwani ya mashine ile. Umeme ukikatika, betri ya kompyuta hutuvusha, na ruta huendeshwa kwa betri ya sola. Katika shule moja upande wa Kamachumu tulimaliza kipindi kizima mvua ikinyesha na umeme ukiwa haupo, na hakuna aliyetumia hata shilingi moja ya bando.

Mpango huu una faida nyingine ambayo siwezi kuipita. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni ya TCRA: shilingi 100,000 za kuomba, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 kila mwaka. Blogu nyingi zilinyamaza mwaka ule. Kanuni hizo zilifutwa na nyingine za mwaka 2020, ambazo nazo zimerekebishwa, hivyo mwalimu anayetaka kwenda hewani aulize kwanza yaliyopo sasa badala ya kutegemea habari za vijiweni. Blogu iliyo ndani ya kompyuta ya darasa, isiyosomwa na mtu nje ya kuta nne, ni daftari la mazoezi tu. Mwanafunzi aweza kukosea humo, kufuta, na kuanza upya.

Kuhusu kuipamba blogu nitasema machache, maana wanachuo husema mengi. Sura ya blogu huvalishwa kama vazi: maandishi hayabadiliki, vazi huvuliwa na jingine kuvaliwa. Ukiwaachia wanaoanza uhuru tangu siku ya kwanza, watamaliza wiki mbili wakitafuta rangi, na utapewa herufi nyekundu juu ya manjano. Sharti langu ni kwamba mtu asiguse vazi kabla hajaandika maandishi matatu. Atakapokuwa nayo ataona mwenyewe kwamba vazi fulani linakata vichwa vyake virefu, au linadai picha kubwa ambayo hana. Hapo mabadiliko huwa na sababu. Vivyo hivyo kwa vile vidude vya ziada vya programu: kila kimoja ni mlango, na nyumba yenye milango mingi ina kazi ya kufunga usiku. Nywila iwe ndefu, na nakala rudufu ichukuliwe kila Ijumaa.

Picha ndizo zinazostahili kipindi kizima, nacho ni kipindi cha hesabu. Simu ya kawaida hutoa picha ya megabaiti 4 hivi. Andiko lenye picha sita litamgharimu msomaji megabaiti 24, na mwenye bando la megabaiti 500 atakuwa amelimaliza akifungua kurasa kama hiyo mara ishirini tu. Picha hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, ukurasa huwa megabaiti 1.2, na bando lile litafungua zaidi ya mara 400. Mwanachuo mmoja aliyekulia visiwani, upande wa Bumbire, alipoiona hesabu hiyo aliondoa picha zote isipokuwa moja katika andiko lake la kuanika dagaa. Badala yake akaeleza kwa maneno jinsi anikaye anavyotambua kwa kuzisikiliza chini ya vidole kwamba zimekauka. Lilikuwa ndilo andiko bora la mwaka ule. Afadhali mlo huo kuliko sahani kumi za picha za wageni rasmi wakikabidhi madawati!

Juu ya picha za watoto sina mzaha. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, mtoto aliyepigwa picha akiwa amechaniwa sare hatakuwa mtoto siku zote, bali picha itabaki. Wanachuo wangu huandika bila majina ya wanafunzi, na picha zinazoonyesha nyuso haziingii bila idhini ya mzazi kwa maandishi.

Linabaki lile la mabishano. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi mkoani Kagera na kuharibu vibaya majengo ya shule, ya Ihungo na Nyakato yakiwa miongoni mwao. Katika shule nyingine, ambayo sitaitaja, ukuta wa darasa moja ulibaki na ufa. Miaka michache baadaye mwanachuo aliyekwenda huko kwa mazoezi ya kufundisha aliupima kwa rula kila Jumatatu, kwa wiki sita, mahali pale pale. Wiki ya kwanza ulikuwa milimita 11, ya mwisho milimita 14. Aliandika habari hiyo kwa utulivu, pamoja na mchoro wa ukuta, akieleza pia jinsi watoto walivyokwisha kuzoea kukaa upande wa pili bila kuambiwa na mtu. Hakumlaumu yeyote.

Mwalimu mkuu alipoonyeshwa aliomba yasichapishwe. Aliniandikia barua ya kurasa mbili, yenye heshima. Alisema amekwisha kuripoti ufa ule kwa wakubwa wake mara nyingi, kwamba habari ikitoka hewani ataonekana anawashitaki kwa umma, kwamba wazazi watawaondoa watoto na shule ya jirani haina nafasi ya kuwapokea. Mwanachuo naye aliandika yake. Alisema somo la blogu limemfundisha aandike aliyoyaona na kuyapima, na akauliza ni kwa ajili ya nani tulimfundisha hivyo ikiwa jambo la kwanza lenye uzito litafungiwa kabatini.

Kwa maoni yangu mwanachuo alikuwa na haki, na nilimwambia mwalimu mkuu hivyo. Lakini shule si yangu, wala si mimi nitakayebaki pale na wazazi wale. Tuliafikiana kwamba mwalimu mkuu apeleke vipimo vile, pamoja na mchoro, kwenye kikao cha kamati ya shule, naye alivipeleka. Darasa lile limehamishiwa chini ya mwembe nyakati za kiangazi. Wakati wa masika hurudi ndani.

Makala yenyewe bado yamo katika kompyuta yetu, yakiwa rasimu. Kila darasa jipya likifungua mashine huyakuta katika orodha, na siku ya pili au ya tatu mtu huuliza kwa nini hayajachapishwa. Huwapa barua zote mbili wazisome, nikawaacha na kipindi kizima wajadili. Mwaka huu kura zimegawanyika kumi na tisa kwa kumi na saba, na wawili hawakupiga.