«Na miye niende na banani?»

Sisi wa darasa la tatu tunataka kusema nanyi juu ya namna ya kujigawa katika makundi. Labda mutasema: hilo si jambo la kuandika. Ngojeni kwanza.

Siku moja ya salongo mwalimu alituambia tu: «Mujigawe makundi sita.» Mara moja kila mutu alikimbilia wa kwao. Wa Mashi upande huu, wa Kilega upande ule, wa Kinande kule chini ya muti. Tulipotulia, tuliona mwenzetu mmoja mugeni amesimama katikati ya kiwanja na jembe lake. Akauliza: «Na miye niende na banani?» Hakuna aliyejibu. Wengine wetu walicheka. Haya ilitushika usiku.

Ku mupira ni vile vile. Makapita wawili wanachagua, na wa mwisho kuitwa ni yule yule kila juma.

Basi tulitafuta namna zingine. Hizi tumezijaribu:

1. Kuhesabu. Tuko 42. Tunasimama mustari, tunahesabu moja mpaka sita, kisha tunaanza tena. Wa moja wote pamoja, wa mbili wote pamoja: kila kundi watu saba. Marafiki husimama karibu-karibu, na hesabu inawatenganisha. Lakini wajanja wanahesabu mbele na kubadili nafasi! Kwa hiyo tunajipanga kwanza kwa mwezi wa kuzaliwa, bila kusema neno, kwa vidole tu.

2. Sauti za nyama. Kila mutu ananong'onezwa jina: mbuzi, ng'ombe, kuku, imbwa, bata, paka. Tunafunga macho na kulia, mbuzi anatafuta mbuzi. Kapita wetu, ambaye hachekake, alilia kama bata. Tangu siku ile hatumwogopi sana.

3. Nusu ya methali, kwa kupata wawili wawili. Karatasi 42, methali 21. «Haba na haba» anamutafuta «hujaza kibaba». Wawili walisoma «Haraka haraka hujaza kibaba» na wakakataa kuachana!

4. Nyuzi. Mutu mmoja anashika nyuzi 21 katikati, ndani ya ngumi, ncha zinaninginia huku na huku. Kila mutu anashika ncha moja. Ngumi ikifunguka, wenye uzi mmoja ni wawili wa kazi. Kama mutu mmoja anazidi, tunafunga kipande cha tatu ku uzi mmoja.

Hata Mitume walipiga kura ili kumupata Matiya (Matendo 1). Kura haiulize mutu anatoka wapi.

Siku ya nyuzi, mmoja wetu kati ya wale waliocheka aliangukia kwa yule mugeni. Walikata majani asubuhi yote kwa kupekupe moja, kwa zamu. Hawakusema mengi. Saa ya kupumuzika mugeni alitoa muhindi wake wa kuchoma, akauvunja katikati.

Hatusemi kwamba uzi unamaliza yote. Saa ya kula tungali tunarudi kila mutu kwa wa kwao. Lakini sasa, mbele ya kukaa, tunaangalia kama kuna mutu amesimama peke yake.

Madarasa mengine, mujaribu. Na kama muko na namna ingine, mutuandikie hapa hapa.

Sisi wenzenu wa darasa la tatu