Mchicha wa Bondeni na Mapaa ya Umma

Mkazi wa Dar es Salaam anapokula mchicha, mara nyingi hajui umelimwa wapi. Sehemu yake hutoka Bonde la Msimbazi, ambako mto unaotumiwa kumwagilia hupokea majitaka ya viwanda na ya makazi. Watafiti wamepima mboga za kando ya mto huo na kukuta madini ya risasi. Nami hununua fungu la mchicha jioni nitokapo kazini, wala simlaumu mama anayeniuzia, kwani wakulima wa bondeni hawana pengine pa kulima. Ninachojiuliza ni kwa nini mji huuhuu una mapaa bapa ya zege yasiyo na kazi ila kuchemka juani na kumwaga maji ya mvua barabarani.

Hii si ndoto ya wasomi. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Thammasat, karibu na Bangkok nchini Thailand, kilifungua shamba la meta za mraba 22,000 juu ya paa. Mbunifu wake, Kotchakorn Voraakhom, aliiga matuta ya mpunga ya milimani: maji ya mvua hushuka tuta kwa tuta yakinywesha mimea, na yanayobaki hukusanywa katika mabwawa chini. Mazao hupikwa katika mikahawa ya chuo hichohicho. Bangkok, kama Dar es Salaam, ni mji wa joto na wa mafuriko.

Si kila paa linafaa. Udongo uliolowa wa kina cha sentimeta 20 tu huweza kuibebesha kila meta ya mraba kilo 300 au zaidi. Paa la mabati la Manzese halihimili mzigo huo. Hapa ndipo suala la bustani linapogeuka kuwa la siasa: wanaohitaji mboga wana mabati, na wenye zege hawana shida ya mchicha. Tukiliachia soko, tutapata hoteli za kifahari zenye majani ya mapambo juu. Pa kuanzia ni majengo ya umma: vyuo, wizara, hospitali na masoko.

Niliwahi kupendekeza, katika kikao cha taasisi moja ya umma, kwamba mhandisi apime paa mojawapo, kisha wanafunzi na akina mama wa jirani wapewe sehemu walime. Swali la kwanza halikuhusu uzito wala maji. Mjumbe mmoja aliuliza, "Paa likivuja, nani atajibu?" Hoja ikafia hapo. Swali lile lilikuwa halali. Lakini sumu ikiingia katika sahani zetu, nani anajibu?

Nchi hii ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona mwaka 1974, na wafanyakazi wa mijini nao wakahimizwa kushika jembe. Hatukosi historia, tunakosa utaratibu. Unahitajika uthibitisho wa mhandisi, tabaka la kuzuia maji, ofisa wa kuwajibika, na mkataba wa maandishi ili mkulima asifukuzwe mboga zinapostawi. Ndugu zangu watumishi wa umma, anzeni na orodha: mna mapaa bapa mangapi, na kila moja linabeba kilo ngapi? Nanyi wanafunzi, idaini orodha hiyo.