Jina Lisilokuwa Jaladani

Mhariri huyu anajisimulia kwa nafsi ya tatu kwa kuwa ndivyo alivyoishi kazini. Tangu miaka ya sabini, jijini Nairobi, kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba sauti inayosikika kitabuni ni ya mwandishi, wala si yake. Jina lake halimo jaladani na hakuna aliyemdhulumu kwa hilo. Ila sasa amestaafu, na kila anapoulizwa ni nani katika tasnia ya vitabu anayestahili kutunukiwa kwa kazi ya maisha yake yote, hataji mwandishi. Huwataja wachapishaji wawili: Henry Chakava wa Nairobi na Walter Bgoya wa Dar es Salaam.

Yeye alianzia kwenye prufu. Enzi hizo prufu zilisomwa na watu wawili: mmoja ameshika mswada akisoma kwa sauti, pamoja na vituo na mikato yote, mwingine akifuata kwa kalamu nyekundu. Miswada ya Kiswahili ilichosha zaidi. Wapanga herufi waliozoea Kiingereza walikata maneno popote mstari ulipoishia, hata ng' ikaachana na kialama chake. Ukirekebisha ukurasa mmoja, kosa jipya linazaliwa katika unaofuata. Hapo ndipo alipojifunza uvumilivu, na hapo ndipo alipoanza kujiuliza gharama ya kazi hii yote inalipwa na nani.

Jibu alilipata kwa kumtazama Chakava.

Chakava aliingia Heinemann, kampuni ya uchapishaji ya Waingereza, katika tawi la Nairobi, mwaka 1972 akiwa mhariri. Mwaka 1976 alikuwa mkurugenzi wa tawi hilo. Mwishoni mwa 1977 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini baada ya mchezo wake wa Ngaahika Ndeenda kuoneshwa kijijini Kamĩrĩĩthũ, na akiwa katika gereza la Kamiti aliandika riwaya ya Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Ngũgĩ alipoachiwa, nani angethubutu kuichapisha? Mwaka 1980 Chakava alitoa vyote viwili, mchezo na riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ. Alitishwa. Alishambuliwa, kidole chake kikajeruhiwa vibaya. Hakurudi nyuma.

Riwaya ilitoka Aprili kwa nakala 5,000, kiasi ambacho kampuni ilitarajia kukiuza kwa miaka kadhaa. Mwezi mmoja baadaye ikabidi zichapwe 5,000 nyingine, na kabla mwaka haujaisha, 5,000 tena. Watu waliisoma kwa sauti baani, mwenye kujua kusoma akiwasomea wenzake. Mhariri huyu anaamini kuwa mwaka huo pekee ungetosha kumpa Chakava heshima yoyote iliyopo, kwa maana ulivunja hoja ya waliosema kwamba Mwafrika hanunui kitabu cha lugha yake.

Hata hivyo, ujasiri haulipi bili ya mpiga chapa. Vitabu vya kiada ndivyo vilivyobeba mzigo. Faida ya hesabu na sayansi za shule ilimwezesha mchapishaji kutoa diwani ya mashairi itakayokaa ghalani muda mrefu kabla ya kumalizika. Kwa Kiswahili Chakava alitoa, miongoni mwa vingine, Wema Hawajazaliwa, riwaya ya Ayi Kwei Armah iliyofasiriwa na Abdilatif Abdalla. Waamuzi wa tuzo husoma vitabu. Ni nadra wao kufungua daftari la hesabu, na humo ndimo ulimofichika ustadi wa mchapishaji.

Bgoya alipita njia nyingine. Alitoka Wizara ya Mambo ya Nje akashika uongozi wa Tanzania Publishing House, shirika la umma, mwaka 1972. Mwaka huohuo shirika hilo, pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London, lilitoa kitabu cha mwanahistoria Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, ambacho hadi leo kinasomwa duniani kote. Mwaka 1991 akaanzisha Mkuki na Nyota. Mwaka uliofuata, Nairobi, Chakava alikamilisha ununuzi wa tawi la Heinemann kutoka kwa Waingereza, ikawa East African Educational Publishers. Wote wawili walikuwa miongoni mwa waasisi wa African Books Collective, chombo cha wachapishaji wa Kiafrika cha kuuza vitabu vyao ng'ambo bila kusubiri hisani ya mtu.

Chakava alitunukiwa tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi mwaka 2006. Alifariki Machi 2024. Bgoya ndiye aliyetoa, mwaka 2020, wasifu wa Mwalimu Nyerere katika juzuu tatu, kazi ya Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata. Kitabu cha kipimo hicho hakitoki bila mchapishaji mwenye subira ya miaka.

Mhariri huyu anashukuru kwa kila ngao na kila hotuba. Anachodai ni zaidi ya hapo: vitabu walivyovihatarishia maisha na mali viendelee kuchapwa na kupatikana madukani, na majalada ya ofisi zao, yaani ripoti za wasomaji wa miswada, barua za waandishi na hesabu za mrabaha, yahifadhiwe katika maktaba za vyuo vikuu vya Nairobi na Dar es Salaam, ambako kijana anayetaka kuingia kazi hii ataweza kuyasoma.